Sura ya Tisa: Moja Nukta Tano

Fundi Usami Kenkichi alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakikuandikwa popote kwenye jalada lake. Ukimuuliza swali la neno moja, anakujibu kwa hotuba, na hotuba ikiisha unakuta swali lako bado limekaa pale pale mezani linakutazama.

Inspekta Kiuchi Masue alikuwa amewahoji wezi, matapeli na mwanasiasa mmoja mlevi, na hakuna aliyewahi kumchosha roho kama huyu mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikisogeza tena kifuko cha plastiki katikati ya meza. Ndani yake mlikuwa na kapasita moja nene kama kidole gumba, ganda lake la rangi ya dhahabu limepasuka upande mmoja na kuungua. Moto ulikuwa umekula kila kitu ndani ya ile mashine ya santuri, ukakibakiza hiki kidude.

"Ni yako au si yako?"

"Kapasita za namna hii zina karatasi na mafuta," alisema Usami. "Watu wanadhani utamu wa sauti unatoka kwenye mafuta. Si kweli. Unatoka kwenye karatasi. Sasa karatasi za siku hizi, afande..."

"Mzee wangu, sikukuuliza habari za karatasi. Ni yako?"

"Andika ni yangu."

Konstebo Onda, aliyekuwa akiandika maelezo kwenye kona na ambaye alibakiza mwaka mmoja kustaafu, aliinua kalamu. Alimkumbusha mzee kwamba jana alisema si yake, tena alisema mara tatu, tena kwa kelele.

"Jana mlikuwa hamjanionyesha," alisema Usami. "Leo nimeiona. Ni yangu. Andikeni basi, mniletee chai."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Hirukawa Teizo alikuwa na mkahawa wa jazi kule mtaa wa Jinbocho, Tokyo, mmoja wa ile ambayo mteja anakunywa kahawa moja kwa saa mbili na akiongea anatazamwa vibaya. Jumapili, siku ya mapumziko, aliiacha mashine yake ya santuri ikizunguka, akajilaza kwenye benchi la nyuma, na moshi ukamkuta hapo hapo. Watu wa zimamoto walisema moto ulianzia kwenye kapasita ya mota, ile inayoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka. Mashine hiyo ilikuwa imefumuliwa na kujengwa upya mwezi wa nne na Usami, rafiki wa marehemu kwa miaka arobaini. Na walipoipekua karakana ya Usami, walikuta droo nzima ya kapasita za dhahabu za aina hiyo hiyo.

Mjane, Bi Itsuko, alikuwa ameshinda kituoni siku mbili akitaka mzee huyo afungwe. Kesho asubuhi, kwa mujibu wa sheria, Usami alitakiwa apelekwe kwa mwendesha mashtaka. Kwa maelezo ya namna hii mwendesha mashtaka asingekuwa na kazi yoyote ya kufanya. Uzembe kazini uliosababisha kifo, na mshtakiwa mwenyewe anakiri huku anaomba chai.

Mkuu wa kitengo aliridhika. Masue hakuridhika, na hilo lilimuudhi zaidi ya yote, kwa sababu alikuwa na majalada mengine sita. Lakini mtu anayekana kitu asichokiona, halafu anakikubali mara tu akionyeshwa, huyo hajavunjika. Huyo ameamua jambo.

"Ile mota uliiwekea kapasita ya ukubwa gani?" aliuliza Masue, kwa sauti ya mtu anayeuliza ili muda uende.

"Moja nukta nane," alijibu Usami papo hapo, tena kwa maringo.

Masue alikigeuza kifuko. Kwenye ganda, chini ya masizi, namba ilisomeka vizuri.

"Hapa pameandikwa moja nukta tano."

Mzee aliitazama namba ile. "Basi niliweka moja nukta tano," alisema. "Nimezeeka, afande. Nachanganya."

Masue alitoka na kuubamiza mlango mpaka Onda akamwaga chai.

* * *

Vibanda vya vipuri vya umeme vya mtaa wa Akihabara viko chini ya reli, vimebanana kiasi kwamba mtu mnene akiingia inabidi mwingine atoke. Masue, akiwa na Onda, aliuliza kibanda cha kwanza swali moja: nani amenunua mwaka huu kapasita kama hii iliyokuwa kwenye mota ya mashine ya Hirukawa? Mwenye kibanda aliipokea picha, akaisogeza kwenye taa, akaanza kumweleza tofauti ya risasi ya kuchomelea waya ya zamani na ya sasa. Kibanda cha pili waliambiwa kwamba dhahabu ni rangi tu na kwamba watu wenye masikio wanatumia za fedha. Kibanda cha tatu kulikuwa na wateja wawili wanabishana kuhusu jambo hilo hilo, na walipomwona askari walimtaka aamue.

Kibaya zaidi, Onda alianza kupendezwa. Alimuuliza mmoja wao kama ni kweli waya wa fedha unang'arisha sauti ya tarumbeta.

"Konstebo," alisema Masue, "mtu amekufa."

"Najua, bosi. Lakini nyumbani nina amplifaya ya marehemu baba, haina besi kabisa."

Kibanda cha nne kilikuwa cha mama mmoja aliyevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, anakula wali wa kufinyanga huku anahesabu skrubu. Huyu naye hakumjua mnunuzi. Lakini aliitupia picha jicho moja tu na kuuliza kwa nini kitu hicho kiliwekwa kwenye mota. Alisema hiyo ni ya amplifaya, ya njia ya sauti. Ni kweli imeandikwa volti mia mbili, na nyumba zetu zina mia moja, kwa hiyo mtu asiyejua anadhani ana akiba. Kumbe hizo mia mbili ni za umeme wa kwenda upande mmoja, kama wa betri. Ukiipa umeme wa ukutani, unaokwenda na kurudi, tena ndani ya mota ambamo unapanda kuzidi ule wa ukutani wenyewe, inachemka polepole. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi, halafu siku moja inapasuka.

"Fundi Usami angeweza kufanya kosa hilo?"

Mama alicheka mpaka punje ya wali ikamtoka mdomoni. "Yule ananigombeza mimi nikipanga vibaya kwenye droo. Halafu hata namba si yenyewe. Mashine hiyo hapa inakula moja nukta nane."

"Hapa?"

"Hapa, ndiyo."

"Hapa kibandani kwako, au hapa Tokyo?"

"Hapa Tokyo, afande, wapi tena?" alisema yule mama, akarudi kwenye skrubu zake.

Masue alisimama katikati ya ile njia nyembamba, watu wanamsukuma huku na huku. Alizaliwa Himeji, kule magharibi, upande wa Osaka. Familia yake ilipohamia Tokyo, baba yake alikuja na saa ya ukutani ya umeme aliyoipenda kuliko watoto wake, na ile saa ikawa inachelewa dakika kumi kila saa moja. Baba aliifungua, akaifunga, akaitukana. Ndipo jirani akamwambia kitu ambacho kila anayehama nchi hii hukisahau mara moja: umeme wa upande wa magharibi unapiga mara sitini kwa sekunde, wa huku mara hamsini.

"Mama, na Osaka je? Mota ile ile, Osaka inataka ngapi?"

"Osaka umeme unapiga haraka, kwa hiyo kapasita inakuwa ndogo. Moja nukta tano."

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Wewe uliuliza nani kanunua," alisema mama wa kibanda. "Hilo silijui mpaka sasa."

Usami alizaliwa vituo viwili kutoka pale na hakuwahi kuishi kwingine. Hata akiamka usingizini angesema moja nukta nane, na asubuhi ile ndivyo alivyosema kabla hajakumbuka kudanganya. Aliyeichagua kapasita hii aliulizia upande wa pili wa nchi, na alijibiwa sawasawa na huko. Ila mashine haikuwa huko.

* * *

Bwana Tarumi, mhadhiri mstaafu, alikuwa mteja wa kila siku wa Hirukawa, meza ya pili kutoka kwenye spika. Alikubali kuonana nao katika duka la tambi karibu na mabaki ya mkahawa, akaagiza bakuli kubwa, akafunga macho na kuanza kuwaeleza jinsi sauti ya pale ilivyokuwa imebadilika tangu mwezi wa kumi. Besi ilikuwa imepata kina. Matoazi yalikuwa yamelainika. Kwa vyovyote Hirukawa alikuwa amebadilisha kapasita fulani, alisema, na mtu mwenye sikio hafichwi.

"Kapasita iliyobadilishwa ni ya mota," alisema Masue. "Haigusi sauti hata kidogo."

Tarumi alifungua macho. "Nilisikia tofauti," alisema kwa ubaridi.

Masue alihesabu kimoyomoyo mpaka akatulia, kisha akauliza kama kuna kitu kingine, kitu cha kuonekana kwa macho, kilichobadilika mwezi huo. Hapo mhadhiri akakunja uso na kutoa lalamiko lake. Sahani ya mashine, ile inayobeba santuri, ilikuwa imeanza kugoma kuondoka. Ukiiwasha inasita na kuguna, na Hirukawa akawa anaipa msukumo kidogo kwa kidole, kila santuri, mbele za watu. Aibu tupu kwa mkahawa wa hadhi ile. Mashine iliyotoka kwa fundi mwezi wa nne ikizunguka kama mpya, leo inasukumwa kwa kidole. Alimshauri amwite Usami, na Hirukawa akamtazama kana kwamba ametukanwa mzazi wake.

"Ilianza lini hasa?"

"Siku moja mbili baada ya sherehe yake ya kutimiza miaka sabini. Nakumbuka kwa sababu mkewe ndiyo kwanza alikuwa ametoka Osaka kwenye kumbukumbu ya kifo cha dada yake, akatuletea maandazi ya nyama. Mimi nilikula matatu."

Onda aliacha kuandika. Alimtazama bosi wake, na bosi wake alikuwa anatazama nje.

"Ala," alisema Onda taratibu.

Masue alilipia tambi za mhadhiri bila kuambiwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa shahidi yeyote maishani mwake. Njiani alikasirika upya. Alimkasirikia Usami, alimkasirikia marehemu, alizikasirikia hata hizo nguzo za umeme. Onda alisema, kwa upole wa mtu anayekaribia kustaafu, kwamba pengine wangemwacha yule mjane apumzike leo, waende kesho.

"Kesho asubuhi mzee anapelekwa," alisema Masue. "Anakwenda kufungwa kwa hiari yake, na sisi tunamfungulia mlango wa gari. Twende."

* * *

Bi Itsuko alikuwa amehifadhiwa na binamu wa mumewe, katika chumba kimoja kilichonukia ubani. Picha ya Hirukawa ilikuwa juu ya kabati, na mbele yake kikombe cha kahawa nyeusi kimepoa. Kabla hawajakaa alikwishauliza kama wamempeleka yule muuaji. Alisema mtu uliyemlisha wali kwako miaka arobaini, mtu aliyekushika mkono siku ya harusi, halafu anakuwekea takataka kwenye mashine ili apate kumaliza haraka. Alisema atakwenda mahakamani kila siku, na asipopata kiti atasimama.

Masue hakumkatiza. Alipomaliza, alikitoa kifuko cha plastiki na kukiweka juu ya meza ndogo. Mpaka siku ile walikuwa wamemwambia tu kwamba ni kifaa cha mota. Hakuna aliyekuwa ameona sababu ya kumwonyesha.

Bi Itsuko alikiangalia bila kukigusa.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Kwenye mota, mama. Moto ulianzia hapo."

"Hapana. Hii si ya mota. Hii ni ya sauti."

"Ndiyo, ni ya sauti. Ila iliwekwa kwenye mota."

Alisimulia akiitazama meza. Baada ya kumbukumbu ya dada yake alipita kwenye mtaa wa maduka ya umeme kule Osaka. Alimtajia muuzaji jina la mashine, akamwambia mume wake husema kapasita ndizo huzeeka. Muuzaji akatafuta, akamletea kidude cha kijivu cha plastiki, kidogo kama kipande cha sukari, kimeandikwa moja nukta tano. Aliona haya. Mtu anatimiza miaka sabini, umpelekee kipande cha plastiki? Duka la jirani kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake hizi za dhahabu, wanasema ni za sauti. Aliuliza kama ipo yenye namba ile ile. Ipo. Aliuliza kama volti zinatosha, akaambiwa mia mbili, zinatosha na kubaki. Huyo wa pili hakuuliza inakwenda kufungwa wapi. Wakamfungia kwa utepe.

"Alifurahi," alisema. "Siku mbili nzima aliitembeza mfukoni. Halafu asubuhi moja akaiweka mwenyewe, mimi nikiwa naosha vikombe. Kuchomelea kwa risasi alikuwa anajua, Usami alimfundisha." Aliinua macho. "Alijua kwamba siyo yenyewe?"

Siku nzima Masue alikuwa amewaomba watu jibu lililonyooka. Sasa yeye ndiye aliyeombwa.

"Namba aliijua, mama. Ameishi na mashine ile miaka yote, na aliyoitoa ilikuwa na namba nyingine. Mota ikawa inasita, na yeye akawa anaisukuma kwa kidole. Lakini hatari yake hakuijua. Angeijua asingelala karibu nayo."

"Angeweza kuniambia."

"Angeweza."

"Na Usami?"

"Nadhani mumeo alimwonyesha hiyo zawadi na kumwambia imetoka kwako, ila hakumwambia ataifunga wapi. Jana, kabla hajaiona, alikana kwa kelele. Leo tulipomwonyesha alisema ni yake. Hataki kusema kingine."

Masue alimweleza hali ilivyo, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kuieleza. Maneno ya fundi yapo kwenye karatasi. Maduka ya Osaka hayatamkumbuka mteja wa mwezi wa kumi. Marehemu hasemi. Mtu pekee anayeweza kumtoa Usami kituoni ni yeye, na asiposema, hakuna mtu duniani atakayejua aliyeinunua ni nani.

"Siku mbili nimemwita muuaji," alisema Bi Itsuko. "Mbele ya askari wote wale. Alikuwa ananisikia?"

"Chumba chake kiko karibu na mapokezi," alisema Onda.

"Mjinga yule," alisema mama, na machozi yakamtoka. "Mzee mjinga. Leteni karatasi."

Onda aliandaa karatasi, lakini Masue alichukua kalamu mwenyewe. Alimuuliza jina kamili, akajibiwa. Alimuuliza duka la kwanza na la pili, akajibiwa. Nani alinunua? Mimi. Nani alimshauri? Hakuna. Fundi Usami alihusika kwa lolote? Hapana. Huyu ndiye shahidi wa kwanza aliyejibu kila swali kwa neno moja, na Masue angetoa chochote sasa apewe hotuba, ndefu, ya karatasi na mafuta.

Bi Itsuko aliuchukua muhuri wa jina lake, wa kutilia sahihi, kwenye mkoba, akaugandamiza kwenye wino, akausubirisha hewani.

"Nikigonga hapa, kesho hapelekwi?"

"Hapelekwi. Analala kwake leo."

"Mwambieni asije hapa usiku. Aje asubuhi, nitakuwa nimepika."

"Kuna mstari mmoja umebaki, mama," alisema Masue. Aliuchukia mstari huo, lakini mwendesha mashtaka angeurudisha waraka bila huo. "Sababu ya kukichagua kifaa hiki."

Bi Itsuko alikitazama kidude cha dhahabu ndani ya plastiki, kilichopasuka ubavuni.

"Andika kwamba ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote dukani," alisema, akagonga muhuri.